Digrii Nane za Irvin Reimer

Jumatano ile Irvin Reimer aliingia kwenye sumaku akiwa anatania. Alikuwa mfugaji wa nguruwe kutoka kijiji cha Grunthal, mwili mpana, viganja kama sepetu. Saratani iliyoanzia kwenye tezi dume ilikuwa imehamia kwenye mfupa wa paja lake la kushoto, na kwa miezi minne hakuwa amelala kwa raha. Orest Hnatiuk, fundi wetu wa picha, alimfunga mikanda na kumwambia asijitikise.

"Mimi nikiwafunga nguruwe wangu hivi huwa wanapiga yowe," Irvin akamwambia. "Ukinisikia usishtuke. Ni mila za nyumbani."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, nimekaa mbele ya kompyuta. Naitwa Leona Wiebe. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa sita katika hospitali ile ya Winnipeg, Kanada, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhakikisha kwamba joto tunaloliona kwenye skrini ndilo joto lililomo mwilini.

Tiba yenyewe haina kisu. Mgonjwa analala ndani ya mashine ya MRI, ile sumaku kubwa, mawimbi ya sauti yanakusanywa kwenye nukta moja juu ya mfupa, nukta hiyo inachemka, na neva ndogo zinazopeleka maumivu zinaungua na kunyamaza. Mashine hiyohiyo ndiyo inayopima joto, kila baada ya sekunde tatu, kwa kusikiliza maji yaliyomo kwenye nyama. Maji yakipata joto, sauti yake kwenye sumaku hubadilika kidogo, na kutokana na badiliko hilo tunapata digrii. Katika paja la Irvin, upana wa vidole viwili kutoka mahali tulipokuwa tunapachoma, ulipita mshipa mkubwa wa fahamu unaoinua wayo. Huo haukutakiwa kuvuka digrii arobaini na tano.

Skrini ilisema arobaini na nne. Niliitazama muda wote. Haikuvuka hata mara moja.

Irvin alikuwa amechomwa sindano ya ganzi kiunoni, kwa hiyo hakusikia chochote. Ganzi ilipoisha jioni, maumivu ya mfupa yalikuwa yamekwisha kweli. Akateremka kitandani aende msalani, na mguu wa kushoto ukaburuta sakafuni kama soksi tupu. Wayo haukuinuka. Haujainuka mpaka leo.

Nilijua kilichotokea kabla ya mtu yeyote kuniuliza, kwa sababu nilikuwa nimekiandika miezi mitatu nyuma, kurasa nne, nikampelekea mkuu wetu, Dokta Garth Lindal. Sumaku ikifanya kazi kwa saa nzima, yenyewe inapata moto. Ikipata moto inabadilika, na badiliko hilo linajichanganya na badiliko la maji. Unadhani unasoma mgonjwa, kumbe unasoma mashine. Lindal alikuwa na dawa yake ya tatizo hilo, na kwa dawa hiyo alikuwa amejijengea jina: alichukua wastani wa picha nzima, namba moja, akaitoa kila mahali. Kwenye chupa za maji tulizofanyia majaribio ilikuwa sawa kabisa. Lakini mguu wa mtu si chupa. Sumaku haibadiliki sawasawa kila upande, na mguu una mafuta, na Lindal mafuta alikuwa anayafuta kwenye hesabu kama takataka.

Mimi niliandika kwamba mafuta yasifutwe. Sauti ya mafuta kwenye sumaku haijali joto. Ukiona imebadilika, basi aliyebadilika si mgonjwa, ni sumaku. Na mafuta yapo kila mahali, chini ya ngozi, kati ya misuli, mpaka pembeni ya ule mshipa wenyewe. Ukiyauliza yote, yatakuambia sumaku imehama kiasi gani kila upande, nawe unatoa kile kilichohama mahali hapohapo.

Lindal aliisoma ile karatasi akiwa amesimama.

"Leona dada yangu," alisema, "wewe unapima nyama. Mimi natibu watu. Kesho tuna mgonjwa."

"Na akiungua?"

"Ameshaungua nani?"

Alikuwa mtu wa mji mdogo wa Gimli, mrefu, mwenye sauti laini ya kusomea watoto hadithi. Wagonjwa walimpenda. Hata mimi nilimpenda kwa miaka mitano, ukitaka ukweli.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku ya tisa. Lindal alisema kwa upole, akinitazama kwa huruma, kwamba joto la siku ile lilisomeka vibaya kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kompyuta alizima marekebisho, yaani ile hesabu yake ya wastani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilisema sikuzima kitu, na kwamba kosa limo ndani ya marekebisho yenyewe. Wakauliza ushahidi. Ushahidi ulikuwa alama moja ndogo kwenye daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe, kuonyesha marekebisho yamewashwa au yamezimwa, na programu ilikuwa imesasishwa siku mbili baada ya tiba, kwa amri ya Lindal, na alama zote za wiki ile zilikuwa zimefutika.

Wakamwita Orest. Orest alikuwa na mkopo wa nyumba na mke mgonjwa. Aliangalia meza.

"Mimi nilikuwa namshughulikia mgonjwa," alisema. "Sikuona skrini."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini alikuwa amekaa pembeni yangu mara mia, na alijua kwamba marekebisho yale hayazimwi bila neno la siri la Lindal. Hakulisema. Nami nilipolisema, Lindal alitabasamu akasema neno hilo la siri nililijua tangu zamani. Uongo mtupu.

Nikaondoka na sanduku la vitabu. Kwenye barua yangu waliandika "uzembe uliosababisha ulemavu". Jina langu likaenda hivyo kila hospitali kuanzia Thunder Bay mpaka Calgary.

Mimi ni Mmenoni, wa dhehebu la Kikristo lisiloshika silaha. Kwetu kisasi si mada ya mazungumzo. Watoto tunafundishwa kusamehe kabla hatujafundishwa kufunga viatu. Mama yangu alinipigia simu akaniambia nimwombee yule mtu. Nilimwambia nitamwombea maisha marefu, ili ayaone nitakayomfanyia. Mama akaniuliza kama nimekula.

Kazi niliyoipata ilikuwa katika kituo kimoja cha utafiti wa nyama, kusini mwa mji. Walikuwa na sumaku kuukuu waliyoitumia kupima mafuta ndani ya nguruwe waliochinjwa. Lindal angesikia angecheka: kweli, sasa napima nyama. Mkuu wa kituo aliniruhusu kuitumia Jumamosi kwa mambo yangu. Nikanunua mashine ndogo ya mawimbi ya sauti, na vipimajoto vya uzi wa kioo, vile visivyosumbuliwa na sumaku, unavyovichomeka ndani ya nyama vikakuambia joto lake halisi. Kilichobaki ni nyama yenyewe, na mapaja ya dukani yalikuwa yamekatwa mfupa na kupunguzwa mafuta.

Nikaendesha gari mpaka Grunthal.

Irvin alikuja mlangoni na fimbo, mguu wa kushoto umevalishwa plastiki ya kushikilia wayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Wewe ndiye yule wa nyuma ya kioo," alisema. "Ingia, unaingiza baridi."

Nilimweleza yote mezani kwake, tangu kurasa nne mpaka neno la siri. Alisikiliza huku akikata soseji. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo nguruwe wa kunenepa wanakufaa kuliko wembamba?"

"Wote. Lakini wanene zaidi."

"Hao ninao. Na mimi mwenyewe unaniona." Alinisukumia sahani. "Ila tuelewane, binti Wiebe. Mimi sina kesi na mtu. Walikuja mawakili wawili nikawapa kahawa wakaenda zao. Kama unataka mapaja ili mashine isome vizuri, chukua. Kama unataka ili umkomeshe yule bwana, tafuta nguruwe wa mtu mwingine."

"Nataka yote mawili, mzee. Siwezi kukudanganya."

Alitafuna polepole. "Ipi ya kwanza?"

"Kumkomesha."

"Walau husemi uongo," alisema, akaitikia kwa kichwa, akaenda kunifungulia friza.

Miaka miwili nilifanya hivyo. Kila Jumamosi paja moja lililopashwa mpaka joto la mwili, nyuzi sita za kioo ndani yake, mawimbi ya sauti, saa nzima, halafu hesabu. Miezi ya mwanzo njia yangu ilikosea kwa digrii tatu, nne. Mafuta na maji yamechanganyika katika nukta moja, na kuyatenganisha ni kama kusikiliza watu wawili wanaoongea kwa pamoja. Nilijifunza kuchukua mwangwi sita mfululizo badala ya mmoja, mpaka nikaweza kusema huyu ni nani na yule ni nani. Mwaka wa pili kosa langu lilikuwa chini ya digrii moja, paja baada ya paja. Kila mara nilipomaliza, nilipitisha picha zilezile kwenye njia ya Lindal. Kwenye mapaja makavu alikuwa sawa. Kwenye manene alikosea tano, sita, nane. Nilikuwa naitazama ile nane kama mtu anavyotazama picha ya mpenzi.

Nilichapisha makala. Wakati huo njia ya Lindal ilikuwa imeingia katika hospitali kumi na moja, na chama chetu cha wapimaji joto kilikuwa kimechoka na kelele za kila mtu kudai njia yake ndiyo bora. Mwenyekiti wa kamati, Profesa Yolande Castonguay wa Montreal, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alinipigia simu.

"Tunataka mtihani," alisema. "Vikundi vinane, picha zilezile, kila mmoja atuletee joto lake. Majibu ya kweli yawe yamefichwa. Nimesoma makala yako. Wewe ndiye pekee mwenye nyama ya kutosha."

"Lindal yumo?"

"Yumo. Mkutano utafanyika Winnipeg, ameupigania mwenyewe. Anataka mabosi wake wamwone jukwaani."

Nilikaa chini. Halafu nikamwambia kila kitu, kwa sababu nilijua kwamba kisasi chenye doa hata dogo kingenigeukia mimi. Nikamwambia pia nilichokuwa nacho akilini: kesi kumi na moja ziwe za nguruwe, na ya kumi na mbili iwe ya mtu.

Castonguay akauliza, "Mtu yupi?"

"Mtu ambaye tunajua kilichompata."

"Akubali kwa maandishi. Kamati ya maadili ipitishe. Jina lake lisionekane popote. Mapaja yako nitayachagua mimi kwa kura, usije ukajaza manene matupu. Na majibu yakishafika yatakaa kwangu, wewe hutayagusa. Ukikubali hayo, endelea."

"Nakubali."

"Una hasira nyingi sana, Madam Wiebe."

"Ndizo zilizonifanya nifike chini ya digrii moja."

Kila mgonjwa ana haki ya kuomba picha zake. Irvin aliomba. Nilidhani itabidi nimbembeleze, lakini nilipomweleza alisema tu, "Kuna mguu wa mtu mwingine unasubiri kuwekwa mle ndani. Leta kalamu." Ombi lake lilifika chumba cha kumbukumbu, na aliyelishughulikia alikuwa Orest, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa huko. Alitakiwa kutoa picha za kawaida. Alitoa kila kitu: data ghafi yote kama ilivyotoka kwenye sumaku, na juu yake picha za skrini ambazo kompyuta ilijihifadhia yenyewe siku ile, moja kila dakika, na saa yake pembeni. Hata mimi sikujua kwamba zilikuwepo. Ndani ya bahasha aliweka kikaratasi: "Nilipaswa kusema."

Sikumjibu.

Nilizifungua zile picha za skrini nikaona arobaini na nne yangu, ileile. Sasa nilikuwa na data na nilikuwa na skrini, na kati ya vitu hivyo viwili palikosekana kimoja tu. Lindal alisema skrini ilitoka vile kwa sababu marekebisho yalizimwa. Kama mtu angechukua data ileile na kuipitisha kwenye marekebisho ya Lindal yakiwa yamewashwa, na ikatoka skrini ileile, basi Lindal ni mwongo. Ningeweza kulifanya hilo mwenyewe siku ileile. Lakini angesema nimechezea programu yake. Nilitaka ifanywe na mikono yake.

Kesi kumi na mbili zikatumwa kwa vikundi vinane mwezi wa Machi. Majibu yalirudi mwezi wa Mei, kwa Castonguay, nami sikuyaona. Nilichojua ni kwamba Lindal aliyapeleka ya kwake kabla ya wote, bila swali hata moja. Hilo lilinishangaza na halikunishangaza. Paja ni paja. Alikuwa amelitazama la Irvin kwa wiki moja tu, muda wa kutosha kutafuta wa kulaumiwa.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa kwenye barabara ya Portage Avenue, mwezi wa Juni, mbu nje na ubaridi wa kiyoyozi ndani. Watu kama mia tatu. Mabosi wa hospitali walikaa safu ya tatu, wanne, na tai zao. Lindal alikuwa jukwaani pamoja na wakuu wa vikundi vingine saba. Aliponiona mlangoni alikuja mpaka niliposimama.

"Leona. Nimefurahi kwamba umepata pa kujishikiza."

"Asante."

"Nyama, eh?" Alinigusa bega. "Mimi sina kinyongo na wewe, ujue. Yaliyopita yamepita."

"Umesema vizuri, Garth. Nenda ukakae, wanaanza."

Castonguay alionyesha matokeo kesi moja baada ya nyingine. Kwenye mapaja makavu wote walikuwa karibu. La tano lilikuwa nene: Lindal alikosea kwa digrii sita. La tisa, saba. Watu wakaanza kugeukiana. Lindal aliomba kipaza sauti akaongea kwa ile sauti yake laini.

"Naomba tukumbuke kitu kimoja. Mafuta ya nguruwe si mafuta ya binadamu. Njia yetu ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, si kwa ajili ya bucha."

Wengine walicheka. Safu ya tatu walitabasamu.

"Vizuri," alisema Castonguay. "Kesi ya kumi na mbili ni binadamu."

Vicheko vikaisha. Ukutani likatokea paja, na mshipa wa fahamu umezungushiwa duara. Chini yake namba nane za joto la mshipa huo wakati wa mwisho wa tiba. Vikundi saba, kila kimoja kwa njia yake, vilisema kati ya hamsini na moja na hamsini na tatu. Cha nane kilisema arobaini na nne.

"Hapa hatukuwa na uzi wa kioo ndani," Castonguay alisema. "Tuna kitu kingine. Digrii hamsini na mbili kwa nusu dakika zinaua mshipa wa fahamu. Arobaini na nne haziui. Mgonjwa huyu wayo wake haujainuka tangu siku ile."

Nilimtazama Lindal, si ukuta. Alikuwa bado hajajua. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta hoja ya pili. Nikasimama, nikapewa kipaza sauti.

"Swali kwa Dokta Lindal. Katika kesi hii mlitumia marekebisho yenu?"

"Bila shaka."

"Hayakuwa yamezimwa kwa bahati mbaya?"

"Hatuyazimi kamwe," alisema. "Hayazimiki. Yanahitaji neno la siri, na neno hilo ninalo mimi peke yangu."

Alipomaliza kulitamka ndipo alipolisikia. Niliona rangi ikimtoka kuanzia kwenye paji la uso ikishuka. Kabla hajaketi nilimwomba Castonguay aweke picha ya mwisho, ile ambayo kamati ilikuwa imeiandaa na kuikubali. Upande wa kushoto lilikuwa jibu la kikundi cha Lindal, la mwezi wa Mei. Upande wa kulia ilikuwa skrini ya siku ya tiba, miaka miwili na miezi minane kabla, na saa yake pembeni. Zilikuwa zilezile, nukta kwa nukta.

"Hii ya kulia ndiyo niliyoiona mimi," nilisema. "Baraza liliambiwa imetoka hivi kwa sababu nilizima marekebisho. Hii ya kushoto ameitoa Dokta Lindal mwenyewe, yakiwa yamewashwa. Sina swali lingine."

Mtu mmoja safu ya tatu alitoa simu yake, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Lindal akamimina maji kwenye glasi na hakuyanywa.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Wanategemea niseme utupu, au kwamba ushindi ulikuwa mchungu. Haukuwa mchungu. Nilikwenda msalani, nikafunga mlango, nikacheka mpaka machozi, halafu nikatoka nikala mlo wa mchana wote mpaka keki.

Mengine yalifuata haraka. Hospitali kumi na moja zilisimamisha tiba wiki ileile. Baraza likafunguliwa upya. Wakapatikana wagonjwa wengine wawili, mmoja ameungua nyama ya paja, mwingine amekufa ganzi vidole, na wote walikuwa wameambiwa kwamba ni kawaida ya ugonjwa. Orest alisimama safari hii akasema habari ya neno la siri bila kuulizwa. Lindal aliondolewa ukuu, kisha leseni yake ikasimamishwa. Barua yangu mpya ilikuwa na sentensi mbili tu, na moja ilikuwa ya kuomba radhi. Wakanitaka nirudi. Nikarudi, nikaketi kwenye kiti chake, na mafuta yakaingizwa kwenye hesabu. Tangu hapo tumewatibu watu sitini na watatu, na hakuna aliyeondoka akiburuta mguu.

Lindal alinipigia simu mwezi wa Septemba.

"Nataka kitu kimoja tu," alisema. "Bodi ya leseni inakutana. Wewe ukiwaandikia kwamba kosa la hesabu lilikuwa la nia njema, watanisikiliza."

"La hesabu lilikuwa la nia njema," nilisema. "Nakubali kabisa."

"Basi andika hivyo."

"Na la kufuta daftari?"

"Leona, nina miaka hamsini na minane. Sijui kufanya kazi nyingine."

"Kituo cha nyama wana nafasi," nilimwambia, nikakata simu. Sikuandika kitu. Nililala vizuri.

Lakini Irvin hakuwa upande wangu, na hilo ndilo lililonikera. Alikuwa amefurahi kwamba mashine inasoma sawa. Nilipomweleza jinsi Lindal alivyobadilika rangi jukwaani, aliniacha nimalize halafu akaanza kuniambia habari za pampu ya maji iliyoharibika. Nikamwambia haikuwa haki, kwamba nimemlipia mguu wake na yeye hataki hata kunisikiliza.

"Mguu wangu hukuulipia," alisema. "Umelipia jina lako, na lilikuwa jina zuri, umefanya vizuri. Mguu uko palepale." Akaugonga kwa fimbo. "Njoo Jumapili baada ya ibada. Mke wangu Helga ataoka mikate."

Jumapili ya pili ya Oktoba nilikwenda, na chupa ya jemu ya plamu ya mama yangu. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, na bata bukini walikuwa wanapita juu kwa makundi. Nilipoingia uani niliona gari la kijivu limeegeshwa karibu na ghala, nikalitambua. Kwa miaka sita liliegeshwa karibu na langu.

Sikuzima injini. Irvin alinichungulia dirishani, akatoka, akaja taratibu kwa fimbo mpaka kwenye mlango wangu. Nikashusha kioo.

"Mikate inapoa," alisema.

"Yumo ndani?"

"Yumo. Alikuja asubuhi. Ameniomba radhi, akalia kidogo, sasa anakula. Anapenda sana soseji, yule bwana."

"Na wewe umemsamehe."

"Nilimsamehe zamani, sema hakuwa amekuja kuchukua." Aliegemea mlango wa gari. "Ingia, Leona. Huna haja ya kusema naye. Kaa upande wa Helga."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia siku ile nilipomwambia ipi ilikuwa ya kwanza. Hakunibembeleza wala hakunihubiria. Nilimpa chupa ya jemu kupitia dirishani.

"Nitakuja kesho," nilisema.

"Kesho ni sikukuu ya Shukrani ya mavuno, watoto wote watakuwepo, na bata mzinga. Njoo saa nane."

"Yeye hatakuwepo?"

"Kesho, hapana."

"Basi nitakuja."

Nikageuza gari uani, nikapita kando ya lile la kijivu. Dirisha la jikoni lilikuwa limefunikwa na mvuke na sikuona mtu. Barabarani nilifungua redio, nikaendesha mpaka mjini.